Kisu Kikubwa cha Kukunja: Je, Chamfaa Mkulima?

Katika gazeti hili tumesoma mengi juu ya mbolea, mbegu na dawa za kunyunyiza, na ni sawa, kwa maana hayo ndiyo yaletayo mavuno. Lakini kuna chombo kimoja kidogo ambacho karibu kila mkulima anacho, au alikuwa nacho akakipoteza, wala sijaona mtu akikiandikia hata mistari miwili. Nacho ni kisu cha mfukoni. Nataka kusema juu ya kile kikubwa cha kukunja, cha bei ndogo, ambacho huuzwa madukani pamoja na tochi na kamba za ng'ombe.

Watu hawapatani juu yake. Wengine husema ya kuwa mwenye panga hana haja ya kisu. Wengine, hasa wazee wa kanisa na walimu, husema kisu cha kukunja ni cha wahuni, na mtu mwema hana kazi nacho. Mimi nimekuwa na changu miaka sita sasa, wala sikubaliani na hawa wala na wale. Naona chafaa sana. Lakini chafaa kwa kazi chache kuliko wadhanivyo wenye nacho, na katika zile kazi ambazo hakifai chaweza kumtia mkulima hasara ipitayo bei ya visu mia.

Changu ni cha aina ya Okapi, ambayo wengi wenu mwaijua: mpini wa mti, na juu ya mti vipande vya bati vya mfano wa nyota na mwezi, na mgongoni springi ya chuma yenye pete. Kikifunguliwa, kisu chote ni karibu shubiri moja. Habari zake ni za ajabu kidogo. Kilianza kutengenezwa mwaka 1902 huko Solingen, mji wa Ujerumani wenye sifa ya visu tangu zamani, ili kiuzwe katika makoloni ya Wadachi barani Afrika. Na wakati huo majirani zetu wa Tanganyika walikuwa chini yao. Kikapewa jina la yule mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ndugu ya twiga, ambaye wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901 tu. (Watu wa Ituri walikuwa wakimjua siku zote.) Makoloni ya Wadachi yakaondoka katika vita ya 1914 mpaka 1918, lakini kisu kikabaki, na tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Basi kitu kilichoanzishwa ili tuuziwe sisi, sasa chatengenezwa katika bara letu wenyewe, nami nafurahi kulitaja jambo hilo.

Bei yake ni ya chini. Changu nilikinunua kwa fedha zilizotosha jogoo mmoja wa kienyeji, naye si jogoo mkubwa.

Ukilivuta bapa lifunguke, lasema kre-kre-kre, kwa sababu shina la bapa lina meno, na springi huruka kutoka jino mpaka jino. Bapa likinyooka kabisa, springi hulishika, wala haliwezi kurudi mpaka uinue ile pete. Kwangu hii ndiyo sifa yake kubwa. Kisu cha kukunja kisicho na kitu cha kukishika ni adui wa vidole. Ncha ikikwama katika mti, au ukikisukuma mahali pagumu, chaweza kujifunga juu ya mkono wako. Hiki chenye pete hakifanyi hivyo kama springi yake ni nzima. Katika kukifunga, mkono mmoja uinue pete, na mwingine usukume mgongo wa bapa taratibu. Usikifunge kwa kukigonga pajani kama vijana wafanyavyo ili wenzao wawaangalie.

Sasa nije kwa wale wasemao panga latosha. Panga ni chombo chema, na mimi ninalo, lakini panga hukaa nyumbani au mkononi, na mkono wenye panga hauna nafasi ya kitu kingine. Kisu hukaa mfukoni, nawe huna habari nacho mpaka saa ya kukihitaji. Mwaka juzi, wakati wa mvua za masika, mtamba wangu aliyefungwa kando ya mtaro aliteleza akaanguka ndani. Kamba ya nailoni ilikuwa imezunguka shingo na mguu wa mbele, na kwa uzito wake mwenyewe fundo lilikaza hata ukucha usiweze kuingia. Ulimi ulikuwa umeanza kutoka. Nyumbani ni mwendo wa dakika tano, na hata kama ningekuwa na panga pale pale, nani atathubutu kupiga panga shingoni mwa mnyama anayehangaika? Nilikifungua kisu, nikalipitisha bapa chini ya kamba, mgongo wake ukielekea ngozi na makali yakielekea juu, nikavuta kwa nje mara mbili. Kamba ikakatika, naye hakupata hata mchubuko. Mtamba yule amekwisha kuzaa, na sasa twakunywa maziwa yake.

Hiyo ndiyo kazi ya kisu hiki: kamba. Kamba ya katani, kamba ya nailoni, uzi wa magunia, mipira ya kufungia mabomba ya maji, vijiti vya kuegemezea nyanya, muwa na papai ukiwa njiani. Si kazi za sifa, lakini hesabu siku moja ni mara ngapi umetumia meno yako kukata kamba, au umemtuma mtoto mbio jikoni akalete kisu cha mama yake. Na kile kisu cha jikoni kikifika shambani hakirudi mapema, na kikirudi hakina makali. Naona ugomvi mwingi wa nyumbani ungepungua kama kila mwenye shamba angekuwa na kisu chake mwenyewe.

Lakini hata katika kazi ya magunia kuna watu ambao ningewanyang'anya kisu. Mtu anunua mfuko wa mbolea, afika nyumbani, auchoma ubavuni na kuupasua kama anachuna mbuzi. Mfuko umekwisha kazi. Kila mfuko ulioshonwa una uzi mdomoni; kata ncha ya uzi upande mmoja, uvute, nao utafunguka wote kwa mara moja, na mfuko utabaki mzima. Na kwa ile mifuko ya kuhifadhi mahindi bila hewa, yenye nailoni ndani, jambo hili ni kubwa zaidi. Nguvu ya mfuko ule ni kwamba hewa haiingii, hata wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Tundu moja la ncha ya kisu, ambalo huwezi hata kuliona, laharibu kazi yote, na dumuzi watakushukuru. Mifuko hiyo ifungwe kwa kamba na ifunguliwe kwa mkono. Kisu kikae mfukoni.

Juu ya utunzaji nitasema kidogo. Bapa la kisu hiki kwa kawaida ni la chuma cha kaboni, si chuma kile kisichoshika kutu. Watu hulalamika kwamba lapata kutu, nami nasema kweli, lapata. Lakini chuma hicho hicho hunoleka upesi juu ya jiwe lolote jema, na mkulima asiye na vyombo vya fundi anahitaji chuma kinachonoleka. Ukikata chungwa au nanasi, bapa litageuka jeusi. Weusi huo si kutu, usiusugue. Kutu ni ile rangi ya udongo mwekundu, nayo huja ukikiacha na maji. Kipanguse, kikauke, na mara moja kwa wiki utie tone moja la mafuta ya cherehani penye ribiti, mahali bapa linapozunguka. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa maana huganda yakawa kama gundi, na vumbi likashika. Mafuta machafu ya gari hayafai kwa kisu kinachomenya matunda.

Kukinoa, tumia kinoo chenye maji, bapa uliinue kidogo tu kutoka kwenye jiwe, usililaze kabisa wala usilisimamishe, na pande zote mbili zipate mapigo sawa. Tupa hula chuma kingi bure. Wale wanoaji wa sokoni wenye gurudumu la baiskeli hufanya kazi nzuri kwa majembe na mapanga, lakini bapa jembamba likipata moto mpaka ukingo ugeuke rangi ya samawati, ugumu wake umetoka, na tangu siku hiyo halitashika makali.

Nimesema kwamba kuna kazi ambazo kisu hiki hakifai, na sasa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa hatuzungumzi tena juu ya jogoo mmoja.

Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Uganda, baadaye ukavuka mpaka ukaingia magharibi mwa Kenya. Wadudu hauwahitaji sana, maana tunausaidia sisi wenyewe kwa visu vyetu. Bakteria wake hukaa katika utomvu wa mgomba. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukiikata ndani ni ya kahawia. Ukilikata shina, utomvu wa rangi ya manjano hutoka. Lakini mgomba waweza kuwa na ugonjwa kabla hujaona dalili hizo, nawe ukapita na kisu chako asubuhi moja, ukakata majani makavu ya huu, ukapogoa machipukizi ya ule, ukakata mkungu wa mwingine, na kufika mwisho wa mstari umewapelekea wote ule utomvu wa wa kwanza. Hakuna dawa ya kumponya mgomba ulioshikwa. Ni kung'oa.

Shauri la Mabwana Shamba ni kusafisha chombo baada ya kila shina: kukipitisha motoni mpaka kisishikike kwa mkono, au kukitia katika maji yenye Jik, kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe vitano vya maji. Shauri hilo ni jema kwa panga, na kwa kisu kisichokunjwa. Kwa kisu cha kukunja mimi naona halitoshi. Kiangalie chako wakati wa mchana. Kati ya pande mbili za mpini kuna ufa ambamo bapa hulala, na ndani yake kuna meno, springi na ribiti, na humo ndimo utomvu huingia ukakauka, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Ukikitia motoni, mpini wa mti utaungua na springi italegea. Ukikitia katika Jik kila mara, kutu itakula springi kutoka ndani. Kwa hiyo nasema waziwazi, hata kama wenye maduka hawatapenda: kisu cha kukunja kisiingie katika migomba kabisa. Kuwa na kisu kimoja cha bapa lisilokunjwa, kiwe cha migomba tu, na mkebe wa Jik kando yake; ukimaliza kazi ukisuuze, ukikaushe, ukipake mafuta. Na lile ua la dume lililo chini ya mkungu halihitaji kisu cha aina yoyote. Chukua kijiti chenye panda, ulishike shingo, ulisokote mpaka livunjike. Nyuki na wadudu wengine hufuata utomvu wa ua hilo, nao hupeleka ugonjwa kwa miguu yao.

Viazi ni habari hiyo hiyo, ila fupi. Wako wanaokata viazi vya mbegu vipande viwili ili mbegu itoshe, wakitumia kisu kimoja toka kiazi cha kwanza mpaka cha mwisho. Kama kiazi kimoja kina mnyauko, vyote vilivyokatwa baada yake vimepata. Panda kiazi kizima, kidogo, chenye macho, kutoka kwa mtu unayeamini mbegu zake.

Jambo la mwisho katika haya ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni mnyama aliyekufa ghafula. Ng'ombe alikuwa mzima jioni, asubuhi umemkuta chini, tumbo limevimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda yatoka puani au nyuma. Wewe umepata hasara ya ng'ombe, na mkononi una kisu kizuri ulichokinoa jana. Jirani wamekwisha kukusanyika na karai. Mtu wa kwanza asema tumchune walau tupate ngozi; wa pili asema nyama ikichemshwa sana haina neno.

Usikifungue kisu chako. Huenda ikawa kimeta. Mzoga usipopasuliwa, vijidudu vingi vya kimeta hufa humo ndani mzoga ukioza. Ukipasuliwa, hukutana na hewa, navyo hujifunika ganda gumu, huingia katika udongo, na hukaa humo miaka makumi vikingoja mnyama mwingine aje kulisha pale. Watu hushikwa kwa kugusa damu na ngozi, na wengine kwa kula nyama. Huanza na kidonda chenye gaga jeusi, na kikiingia tumboni au mapafuni huua. Huu si ugonjwa wa hadithi za zamani. Mwaka 2015 katika mbuga ya Ziwa Nakuru nyati zaidi ya 100 walikufa kwa kimeta. Na kule walikuwako askari wa wanyamapori na madaktari wa kuwazuia watu. Katika boma lako hakuna mtu wa kuzuia ila wewe.

Basi mzoga usiguswe. Mbwa wafungwe, watoto waondolewe, na habari ipelekwe upesi kwa Bwana Mifugo. Yeye ndiye atakayesimamia mzoga kuchomwa au kuzikwa, shimo likiwa la futi 6 au zaidi, na chokaa juu yake. Wanyama waliobaki wapate chanjo, nayo ya kimeta hutolewa kila mwaka mahali penye hatari. Mimi kazi yangu ofisini ni faili na barua, si sindano, lakini nimeona jinsi habari hizi zinavyofika mezani: karibu kila mara zafika baada ya nyama kuliwa, pamoja na majina ya walioshikwa. Ningependa siku moja kupokea barua ya mtu aliyeleta habari mapema na kisu chake kikiwa kimefungwa.

Kwa wale wasemao ni kisu cha wahuni, nitasema hivi. Ni kweli kwamba huko Afrika Kusini, na hata Jamaica ng'ambo ya bahari, visu vya namna hii vimepata jina baya kwa ajili ya watu waliovitumia vibaya. Lakini jembe pia limeua watu, wala hatujaacha kulima. Hata hivyo wana neno moja la haki. Kisu kikubwa kina kazi shambani, hakina kazi matatuni wala katika mkutano wa siasa, na polisi akikikuta mfukoni mwako mjini, itakubidi umweleze sababu yako, naye hatafurahishwa na habari za kamba ya mtamba. Ukienda mjini kiache juu ya kabati, mahali watoto wasipofika.

Ukiwa dukani, usinunue kisu kilichofungwa katika karatasi. Mwombe mwenye duka akupe ukifungue mwenyewe. Sikiliza meno yote yalie, wala lisipite hata moja kimya. Bapa likiwa wazi, lishike ulitikise kulia na kushoto, likicheza, mrudishie. Kisha jaribu kulifunga bila kuinua pete, ukisukuma mgongo wa bapa kwa kipande cha mti wala si kwa mkono. Likikubali kurudi, hilo si la kununua hata kwa bei ya yai. Angalia ribiti zimekaa sawa na mti, hazikuchomoza. Viko vya kuiga vingi, vyenye nyota na mwezi zao na kila kitu, nami sitasema ni vya nani; mtikiso na pete vitakuambia. Na kama una migomba, kabla hujatoka dukani mwombe pia kile kisu kingine kisichokunjwa, na chupa ya Jik.